Mtoto wa Malam na Kisu Chake

Mbwa ndio waliotangulia kujua. Kila siku baada ya sala ya alasiri Badamasi alirudi nyumbani akifuatwa na mbwa koko wawili au watatu wa mtaani, wametulia kwa adabu kama wanafunzi, mpaka kwenye kizingiti chetu. Hapo wanakaa, wanamsubiri atoke tena. Nyumba yetu ni nyumba ya kusomesha Kurani, na mbwa wa Zaria wanajua vizuri kwamba hapa hawana riziki. Nikajiambia, Hajo, hapa pana jambo.

Mimi ni mtu wa kushuku, wala sijifichi. Waume wawili waliniacha kwa tabia hiyo, na wote wawili nilikuwa nimewashuku kwa haki. Nilipoachika mara ya pili nilirudi kwa kaka yangu, Malam Zubairu, nikapewa chumba cha nyuma na mtoto wa kulea. Mtoto ndiye Badamasi, wa kwanza wa kaka na mkewe Larai. Kwetu mtoto wa kwanza wazazi humwonea haya. Hawamwiti jina, hawamsifu, hawacheki naye mbele za watu. Larai alimnyonyesha huku anatazama ukuta, na alipomwachisha ziwa akaletwa kwangu. Malam alipotaka kumtuma alisema, "Hajo, mwambie huyo wako alete maji ya udhu." Na huyo wangu amekaa pale pale mbele yake, anasikia kila neno, anangoja nimwambie mimi ndipo ainuke. Nimekuwa mkalimani wa watu wawili wenye lugha moja tangu huyo mtoto ana meno ya maziwa.

Alizaliwa wa shoto. Kijiko kushoto, jiwe kushoto, kila kitu kushoto. Kwa mtu wa kawaida ni aibu ndogo, lakini kwa mtoto ambaye siku moja atakaa mahali pa baba yake, aandike aya kwa mkono huo, haikuwezekana. Malam alichukua kitambaa akamfunga mkono wa kushoto nyuma ya mgongo kila asubuhi kabla ya kumpa ubao. Mtoto alijifunza. Sauti alikuwa nayo nzuri, watu walisimama barabarani kumsikiliza akisoma. Maandishi yake lakini yalikuwa kama kuku amepita kwenye majivu. Hakulalamika hata mara moja, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi, kwa sababu mtoto asiyelalamika anaweka kitu mahali.

Basi mbwa. Halafu wakaja nzi. Halafu nikaona kwamba chakula cha mchana anakila vizuri lakini kipande cha nyama anawaachia wenzake. Kijana wa umri ule, mabega yanapanuka kila wiki, anaacha nyama! Halafu akawa anaoga mtoni kabla ya kuja nyumbani, na kwetu maji ya kisima yapo tele. Mwisho nilipokuwa nakung'uta mkeka wake nikakuta kisu kimeviringishwa kwenye kitambaa safi. Kisu chembamba, kimenolewa mpaka ubavu umeliwa.

Nilimpelekea Larai habari jikoni.

"Wifi, mwanao ana kisu."

"Wangu yupi?" akasema, kwa sababu ya haya zake.

"Larai, usinichezee. Yule wa kwanza."

Akaacha kusonga tuwo. "Kisu cha nini?"

"Ndiyo nauliza. Ama anaiba, ama anataka kumchoma mtu, ama ana mwanamke mwenye mume."

"Na mbwa je?"

"Mbwa wanamnusa mwanamke."

"Shangazi wa watoto, mbwa hawafuati wanawake. Wanafuata nyama."

Tukatazamana. Larai ni mtu wa maneno machache, na hayo machache huwa yanafika.

Siku ya pili nilijifunga kitenge cha zamani, nikachukua kibuyu kichwani kama muuza fura ya mtama na maziwa, nikamfuata kwa mbali. Alipaswa kwenda kwa mwalimu wa sheria upande wa pili wa mji. Akapita mlango wa mwalimu bila hata kuutazama. Akapita wauza kokwa za kola, akapita washona kofia, akaingia nyuma ya soko, machinjioni. Nikajibanza kwenye ukuta kati ya matenga.

Nitasema nilichokiona. Alivua kanzu nyeupe niliyoifua mimi, akaikunja vizuri, akaiweka mahali pa juu. Kulikuwa na mbuzi ameshachinjwa, amelazwa chini. Badamasi akapiga magoti, akatoboa tundu dogo mguu wa nyuma, akaweka mdomo pale akapuliza. Mashavu yalimvimba mpaka macho yakawa madogo. Mbuzi naye akavimba, ngozi ikanyanyuka mwili mzima. Kisha akachukua kisu kwa mkono wa kushoto, mkono ule ule wa kitambaa, akaanza kuchuna, na ngozi ikatoka kama mtu anavuliwa joho. Hakuikata hata pahali pamoja. Na uso wake, jamani. Sikuwahi kuuona ule uso nyumbani kwetu. Alikuwa na raha.

Hapo nikashuku zaidi. Mtu hafurahi namna ile kwa sababu ya mbuzi. Nikaanza kutafuta msichana. Nikatazama kila kona nione binti wa nani anapita na sinia, anacheka.

Akanijia mtu mnene mwenye hirizi mkono mzima, kisu kiunoni. Ndiye Gambo, mkubwa wa wachinjaji wa upande ule.

"Mama, fura unauzaje?"

"Haiuzwi."

"Umeileta sokoni haiuzwi?"

"Yule kijana anayechuna pale ni nani?"

Gambo akamtazama Badamasi, akanitazama mimi, akashusha sauti. "Hata mimi najiuliza. Anasema ni mtoto wa malam. Nimemwambia, mtoto wa malam hashiki utumbo, sema ukweli umetumwa. Nimemtia kwenye kuosha matumbo mwaka mzima ili akimbie. Hakukimbia! Mtu haji kwenye kazi yetu kutoka nje, mama. Kazi hii tunazaliwa nayo. Baba yangu mchinjaji, babu mchinjaji, hata mama yangu alikuwa akikaanga firigisi. Huyu katoka wapi?"

"Ametumwa na nani?"

"Wewe ndiye uniambie. Umekuja na kibuyu kitupu unauliza maswali. Ndiyo mmetumwa wote wawili?"

"Na mwenyewe anasema anataka nini?"

"Eti anaipenda kazi," Gambo akasema, akatema mate. "Nani anaipenda kazi?"

Tulikubaliana hapo, mimi na Gambo, ingawa hatukuaminiana. Jioni nikamkalisha Badamasi chumbani kwangu nikamwekea kile kisu mbele ya magoti.

"Haya. Ni binti wa Gambo?"

"Gambo ana binti?" Alishangaa kweli, au ni fundi wa kushangaa.

"Basi umelishwa dawa."

"Shangazi, sijalishwa kitu. Naipenda tu."

"Tu! Hakuna tu, mwanangu. Kuna nini ndani yake?"

Akafikiri. Yeye humjibu mtu baada ya kufikiri, tangu mdogo. "Ukitoboa pahali pake ukapuliza sawasawa, ngozi inaachia yenyewe. Unaisikia. Inakwenda taratibu chini ya mkono, na ukikosea inakwambia kabla hujaikata. Ubao sikuwahi kuusikia hata siku moja, Shangazi. Nilikuwa naandika kama mtu anayeandika gizani."

Nilimwelewa, na sikumwamini. Nikaenda kwa Malam nikamwambia yote. Wala sijuti. Katika nyumba hii mambo yakijulikana yajulikane na wote.

Kaka yangu hakupiga kelele. Ni mtu wa kukaa kimya mpaka mwenzake aombe radhi kwa jambo asilolifanya. Wazee wetu wote wamekaa kwenye ngozi ya kondoo pale darasani mwa wanafunzi, kwenye daka, kile chumba cha mlangoni, wakisomesha mmoja baada ya mwingine. Wachinjaji je? Watu huwacheka kwamba wanaapa uongo kabla ya kifungua kinywa, wanacheza kamari kwa mapembe, na wana dawa za kumtuliza fahali ambazo zikimwingia mtu haziondoki. Malam alikamata hilo la mwisho.

"Wamempa kitu," alisema. "Mtoto wa nyumba hii hawezi kuyataka hayo kwa akili zake."

Akaanza kuandika kombe. Aliandika aya kwenye ubao kila alfajiri, akaziosha, nikampelekea Badamasi bakuli la maji meusi anywe. Alikunywa. Alikunywa kwa heshima, akaosha bakuli, akasema, "Mshukuru Baba," akaenda zake machinjioni. Aliendelea kunywa mpaka nikadhani atatoa jasho la wino. Gambo alinipa salamu baadaye kwamba tangu mwanangu aanze lile kombe mkono wake umezidi kuwa mwepesi, na kama Malam anaweza kumwandikia yeye pia. Sikufikisha salamu hizo.

Kombe lilipokwisha bila faida, Malam alitumia watu akamtafutia Badamasi nafasi ya mwandishi kwa kadhi. Kiti, meza, kivuli, heshima. Siku ya kuanza Badamasi hakwenda. Malam akatuita kwenye daka, mimi na yeye. Larai alikuwa nyuma ya pazia la ndani, nilisikia bangili zake.

"Hajo, mwambie huyo wako achague. Kwa kadhi au kwa kisu."

"Baba yako anasema uchague."

"Shangazi, mwambie Baba nimechagua."

"Mwulize amechagua nini."

"Mwambie kisu."

Malam aliitazama mikono yake. Kisha akaapa kwa jina la Mungu, kwa sauti ile anayosomea, kwamba nyama iliyopita kwenye kisu cha yule haitaingia kinywani mwake, na yule hatavuka daka hili kuingia ndani maadamu anafanya kazi hiyo. Bangili za Larai zikanyamaza. Badamasi aliinama, akaaga, akatoka. Mbwa wakasimama wakamfuata. Nililia usiku ule, nasema wazi, na nilimlilia mwanangu zaidi kuliko nilivyolilia waume zangu wote.

Tangu siku hiyo kila mtu nyumbani kwetu alikuwa na swali moja, hata wanafunzi. Je, ipo siku Badamasi atapita lile pazia?

Yeye aliendelea na maisha yake. Alipanga chumba karibu na soko. Akamwoa Saude, binti wa mkamua mafuta ya karanga, si binti wa Gambo, na mimi kwa muda mrefu nilijiuliza kwa nini si binti wa Gambo, maana alikuwepo kweli na alikuwa na meno mazuri. Wachinjaji nao walichelewa kumwamini. Walikuwa wakinyamaza akifika. Gambo alimjaribu kwa kumwachia meza siku nzima ili aone ataiba nini, akarudi akakuta meza imefutwa na mifupa imepangwa. Akashuku zaidi. Lakini mwisho ndiye aliyesimama kwenye harusi akasema mbele ya wote kwamba huyu hakuzaliwa kwetu, na anayemwita mgeni aje aseme nami. Wakampa jina la Malam wa Kisu. Akawa na meza yake. Wateja wanasema kwake hupati mfupa uliofichwa chini ya nyama, na kwa soko letu hiyo ni sifa.

Huku nyumbani Malam naye alikuwa amegeuka mtu wa kushuku. Kila mchuzi ulipofika aliuinamia kwanza.

"Nyama hii ya nani?"

"Ya Gambo, Kaka."

"Una hakika?"

"Nimesimama mwenyewe akikata."

Ndipo ale. Mwaka baada ya mwaka, swali lile lile. Larai yeye alikuwa akija chumbani kwangu mchana watu wamelala, nimemletea kipande cha ini kutoka kwenye meza ya mwanawe, anakila kwa haraka amenipa mgongo, analamba vidole. Hakuwahi kuuliza ni la nani. Hakuwahi kukosa pia.

Na kila Ijumaa, baada ya sala, Badamasi alikuja na kanzu safi akachuchumaa karibu na mlango wa daka, upande wa nje. Anasalimu. Malam anatazama ukutani, anasema, "Hajo, mwambie anayesalimu kwamba tumemwitikia." Nami namwambia. Basi. Hapo ndipo penye shaka iliyonisumbua kuliko zote. Malam hakuwahi kuzungumza naye hata kabla ya kiapo, kwa sababu ya haya. Sasa ukimtazama amenyamaza, utajuaje hii ni hasira na hii ni haya? Nilimchunguza kaka yangu miaka mingi kama mtu anayechungulia chungu chenye mvuke. Sikuona kitu.

Kisha ikaja ngozi.

Ile ya zamani ya Malam ilikuwa imekwisha manyoya, ina matundu ya kisu manne makubwa, kazi ya mchunaji fulani mvivu wa zamani. Siku moja naingia kufagia daka nakuta mpya. Nyeupe, nene, safi. Larai akaiona kupitia pazia akanivuta kanga.

"Anaoa," akasema.

"Nani?"

"Mume wangu. Mwanamume hanunui kiti kipya bila sababu. Na siku hizi akitoka msikitini anachelewa. Amepaka hata miguu mafuta, umeona?"

Nilikuwa nimeona, na nilimwona pia akipita nyuma kwa wauza kola. Tena nilikuwa nimeshawafikiria wajane wawili wa mtaa wa pili. Malam alipokwenda kusali adhuhuri niliiendea ile ngozi nikaigeuza. Ndani ilikuwa nyororo kama uso wa mtoto, hakuna kovu hata moja. Nikaishika mguu wa nyuma wa kulia nikatafuta tundu la kupulizia. Wachunaji wa soko letu wote hutoboa mguu wa kulia, ndivyo mikono yao inavyowaelekeza. Hakuna tundu. Nikashika wa kushoto. Lipo.

Nilikaa chini pale pale juu ya ngozi ya Malam, jambo ambalo mwanamke hafanyi, na nikacheka mpaka Larai akadhani nimepandwa na pepo.

Malam aliporudi nilikuwa bado hapo, nimesimama sasa, nimeushika ule mguu.

"Kaka, hii ngozi umeipata wapi?"

"Sokoni."

"Kwa nani?"

"Kwa wauza ngozi. Hajo, una kazi gani na ngozi yangu?"

"Uliichagua wewe?"

"Nani mwingine angeichagua?"

"Uliitazama mguu?"

 Aliketi, akaweka tasbihi kando. "Niliapa juu ya nyama," akasema. "Hii ni ngozi. Ngozi si nyama, na kukalia si kula."

"Sawa, Malam. Na kuchelewa sokoni ni nini?"

"Njia ni ya watu wote."

"Njia ya watu wote haipiti nyuma kwa wauza kola. Larai anadhani unaposa."

Hapo alishtuka. Kisha akaniangalia mimi, si ukuta, na nikaona kaka yangu amezeeka. "Nasimama kwa muuza kola," akasema. "Kutoka pale meza ya huyo wako inaonekana. Yeye hanioni." Akaipapasa ngozi kwa kiganja, polepole, mpaka kwenye ule mguu. "Nilimfunga mkono huu, Hajo. Kila asubuhi. Hata siku moja hakulia. Na mimi nilifurahi kwamba halii."

Ningeweza kumwonea huruma nikaondoka. Lakini mimi siachi mambo nusu.

"Kaka, wewe kila mwaka unawafundisha vijana hapa. Mtu akiapa, halafu akaona heri ni kukivunja kiapo chake, anafanyaje?"

"Toka, Hajo."

"Nauliza kwa ajili ya elimu."

"Toka!"

Nikatoka. Sikupata jibu mwezi ule wala uliofuata. Ijumaa zikaja, Badamasi akachuchumaa nje, Malam akautazama ukuta amekalia kazi ya mkono wa mwanawe. "Hajo, mwambie anayesalimu." Nilimwambia, huku nauma ulimi. Nikaanza kuamini kwamba kaka yangu ameshajipa haki yake yote, yaani ngozi ya kukalia na mahali pa kuchungulia, na zaidi ya hapo hataki. Watu huridhika na kidogo wakiwa wakaidi.

Mavuno yalipoingia, Malam alimwita Larai jioni ya Alhamisi.

"Kesho pika tuwo na mchuzi wa mbuyu wa kuwatosha maskini kumi. Usitie nyama."

Larai akanijia mbio. "Kumi! Kwa nini kumi? Siku zote anasema pika tu, atakayekuja atakula. Ni sadaka ya posa hii, nakwambia. Leo anaposa!"

"Larai," nikasema, "wewe umelala na malam miaka yote hii bila kusikia anachosomesha?"

Akanitazama. Kisha akashika mdomo kwa mikono miwili. Maana katika nyumba yetu hata paka anajua kafara ya kiapo kilichovunjwa: kuwalisha maskini kumi.

Bado sikuamini. Nilijiambia huenda ni kiapo kingine, wanaume wanaapa ovyo. Siku ya Ijumaa niliwatazama wale kumi wakikaa kwenye kivuli cha ukuta wetu, Malam mwenyewe anawawekea vyakula mbele, anawahesabu kwa kidole. Akaja wa kumi na moja, kipofu mmoja anayejulikana mtaani, amesikia harufu. Malam, ambaye hajawahi kumfukuza mtu kwenye chakula, akamshika mkono akamwambia, "Baba, wewe njoo kesho, nitakulisha mwenyewe. Leo ni kumi." Hapo ndipo nilipoamini.

Badamasi akatokea kwenye kona na kanzu yake safi. Akawaona watu wanakula. Akasimama. Nikamwona macho yanakwenda kutoka kichwa hadi kichwa, midomo inahesabu. Huyu naye alinywa elimu ya nyumba hii pamoja na kombe lote lile. Alipofika mwisho hakusalimu. Aligeuka, akaondoka, kwanza anatembea, kisha nikaona kanzu inapeperuka. Mtu mzima mwenye ndevu anakimbia mtaani.

Malam aliketi kwenye ngozi yake. Hakuniuliza yule amekwenda wapi. Larai alikuwa nyuma ya pazia, bangili zinalia kama zimepata homa.

Alirudi na nyama imefungwa kwenye majani, ameishika kwa mkono wa kulia kama alivyofundishwa, na mbwa wanne nyuma yake. Akachuchumaa mahali pake pa kila Ijumaa, upande wa nje wa kizingiti. Alikuwa anahema. Akakiweka kile kifurushi mbele yake.

Malam akaanza, "Hajo, mwambie..." Akakatiza. Akakohoa. Nilimwona anashika manyoya ya ile ngozi kwa vidole vyote.

"Badamasi," akasema.

Sijawahi kulisikia jina lile katika kinywa kile. Lilitoka limekwaruza, kama mlango usiofunguliwa. 

"Badamasi, ulipochinja ulipiga bismillahi?"

Mwanangu akafungua mdomo, na badala ya kujibu akanigeukia mimi, macho yamejaa maji, akingoja nimwambie baba yake amesema nini.

"Usinitazame mimi," nikamwambia. "Unaulizwa wewe."

"Nilipiga, Baba."

"Basi ingia, nyama ipikwe."

Akainuka, akavuka kizingiti, akapita mbele ya baba yake ameinama, akaingia ndani ya pazia kwa mama yake. Mbwa wakakaa nje kumsubiri. Safari hii walisubiri sana.